Mwanamke Aliyepindika Mgongo

Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo amwita tabibu, atusimulia katika sura ya 13 ya Injili yake habari za mwanamke aliyepindika mgongo kwa miaka 18, asiweze kujinyosha kamwe. Siku ya Sabato alikuwamo katika sinagogi. Injili haisemi kwamba aliomba kitu. Bwana Wetu ndiye aliyemwona, akamwita, akamwekea mikono, naye akasimama wima akimtukuza Mungu. Mkuu wa sinagogi alikasirika, akataka watu waje kuponywa siku nyingine.

Wako madaktari wa siku hizi wadhanio kwamba mwanamke yule alikuwa na baridi yabisi ya uti wa mgongo, ile ambayo huweza kuziunganisha pingili hata mgongo ukawa kama fimbo. Jambo hilo haliwezi kuthibitishwa. Lakini twajiuliza: katika miaka ile 18, ni watu wangapi waliompita wakazoea kumwona vile?

Wanawake wenye maradhi haya wamo hata kati yetu. Maumivu huanza polepole, mara nyingi kabla ya umri wa miaka 45, kiunoni na katika makalio, mara upande huu, mara upande ule, yakapita miezi mitatu na zaidi. Usiku wa manane humwamsha. Alfajiri mgongo umekakamaa nusu saa au zaidi. Na tazameni ajabu yake: akiisha kutembea, kufagia na kuchota maji, mgongo hulegea, akilala apumzike, maumivu hurudi. Hapo ndipo aonewapo. Mume amwona asubuhi ameshindwa kuinuka, na saa nne amwona shambani ana jembe mkononi. Asema, "Mvivu huyu, huumwa saa ya kuamka tu." Mama mkwe naye aongeza lake. Kumbe jambo lile lile wamshtakialo ndilo dalili ya ugonjwa wake!

Wataalamu nao hawakukosa lawama. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba ugonjwa huu ni wa wanaume, na mwanamke akaambiwa ni uchovu wa uzazi, au mawazo tu. Sasa yajulikana kwamba wanawake wengi hupatwa, ila kwao pingili mara nyingi huungana polepole zaidi, hata picha ya eksirei yaweza kuonekana safi kwa miaka. Tena wao huumwa mara nyingi shingo, magoti au visigino, na daktari asifikiri mgongo. Picha ya MRI huweza kuonyesha uvimbe mapema. Kipimo cha damu kiitwacho HLA-B27 hakitoshi kutoa hukumu, hasa kwa Waafrika, maana wengi wauguao hawana alama hiyo.

Basi mama wa namna hii aende hospitali, na amweleze daktari saa za maumivu: huzidi lini, hupungua lini. Daktari atachunguza pia kifua kikuu cha mgongo, ambacho kwetu hakisahauliki. Homa, kukonda, au miguu kupoteza nguvu, hayo hayangoji kesho. Wala jicho jekundu liumalo mbele ya mwanga halingoji.

Dawa ya kuung'oa kabisa ugonjwa huu haijapatikana, lakini hutulizwa: mazoezi ya kunyosha mgongo kila siku, maisha yote, kuacha tumbaku, na dawa za kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni, kwa agizo la daktari. Mwenye mimba aseme kwanza, kwa kuwa dawa hizo huweza kumdhuru mtoto. Zipo na sindano mpya zenye nguvu, ila bei yake yawashinda maskini, na neno hilo latuuma.

Na nyumbani asiambiwe alale tu. Kanisani vilevile, akiinuka katikati ya mahubiri aende nyuma kunyosha mgongo, mpisheni bila kumkodolea macho. Kukaa muda mrefu kwamwumiza, na mahubiri yetu, twakiri, ni marefu.