Kadari na Hesabu ya Uwezekano

Wako wazazi, na baadhi ya walimu pia, ambao huingiwa na hofu mtoto anapoletewa darasani dadu na sarafu ili afundishwe hesabu ya uwezekano. Kwani huwaza kwamba, madhali kila lijalo limekwisha kuandikwa na Mwenyezi Mungu, kumfundisha kijana kuyapima mambo ya kesho kwa sehemu na asilimia ni kumzoeza kuingilia elimu ya ghaibu, au, lililo baya zaidi, ni kumfungulia mlango wa kamari. Hofu hiyo haistahili kubezwa, maana imetoka katika imani safi. Lakini naona haikutazama vyema ni kitu gani hasa kinachopimwa.

Na tuitazame sarafu yenyewe. Chukua shilingi mbili za zamani, zile zenye kichwa cha Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili, uwaulize wanafunzi: zikirushwa pamoja, yatatokea nini? Aghalabu watajibu kwamba mambo ni matatu, yaani vichwa viwili, mienge miwili, au kimoja kimoja, na kwa hivyo kila jambo lina thuluthi yake. Waache warushe, waandike alama daftarini. Kabla kengele haijalia wataona safu ya mchanganyiko imerefuka karibu mara mbili ya kila moja ya zile nyingine, na hapo ndipo mwalimu awaonyeshe kwamba kichwa na mwenge, kisha mwenge na kichwa, ni njia mbili mbalimbali, hivyo njia zote ni nne, na mchanganyiko una nusu nzima. Wala asiwacheke, kwani d'Alembert, aliyekuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, aliandika mwaka 1754 katika ile Encyclopédie kwamba mwenye kurusha sarafu mara mbili ana thuluthi mbili za kupata kichwa walau mara moja, ilhali ni robo tatu.

Sasa tuulize: nusu hiyo iko wapi? Sarafu iliyokwisha kuanguka chini ya kiganja cha mwalimu imelala upande mmoja tu, wala haina nusu yoyote. Nusu imo ndani yetu sisi tusiouona upande huo. Mwalimu aliyechungulia ana yakini, mwanafunzi ana nusu, na Mwenyezi Mungu alijua kabla madini yake hayajachimbwa. Basi hesabu hii haipimi kadari. Yapima kiasi cha kutojua kwetu, na mja anayekiri kwa tarakimu kwamba hajui hajadai kitu cha Mola wake.

Walakini hapa pana swali gumu zaidi, nami sipendi lipitwe upesi. Ikiwa kila mrusho una amri yake, mbona mirusho mingi hufuata uwiano? Jacob Bernoulli wa Basel, ambaye babake alimtaka awe mtu wa kanisa, naye akasoma elimu ya dini kabla ya kuzama katika hisabati, alithibitisha katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, miaka 8 baada ya kufa kwake, kwamba kadiri majaribio yanavyozidi ndivyo kupotoka mbali na uwiano wa kweli kunavyozidi kuwa nadra. Mwenye haraka atasema kwamba basi zinazotawala ni namba, si Mungu. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kulijadili jambo la namna hii katika Tahafut al-Falasifa, aliposema habari ya pamba na moto: pamba huungua ikikutana na moto, si kwa kuwa moto una nguvu ya kulazimisha kwa nafsi yake, bali kwa kuwa Mungu ameujaalia mwendo huo uwe ada. Mimi naona hoja hiyo yatosha kwa sarafu pia: utaratibu wa mirusho elfu ni ada, na mtoto anayeuhesabu huisoma kazi ya Muumba wake kama nahodha alivyosoma majira ya kaskazi na kusi, asidai kuutawala upepo.

Ama kamari, Kurani imeikataza waziwazi katika Sura ya Maida, na sijui silaha bora ya kumwepusha nayo kijana kuliko hesabu hii yenyewe. Apewe mfano: mchezaji hutoa shilingi 10 kila arushapo dadu, naye huahidiwa 50 sita ikitokea. Kwa wastani, katika kila mirusho 6 atatoa 60 na kupokea 50, na zile 10 humwendea mwenye meza, leo na kesho na keshokutwa. Wala asidhani kwamba, kwa kuwa amekosa mara nyingi mfululizo, sasa zamu yake imewadia. Mrusho wa saba hauna habari ya ule wa sita.

Kwa hivyo ningependa somo hili lianze mapema, kabla kijana hajakutana na mwenye meza huyo mtaani. Na siku mwanafunzi atakapouliza habari ya kadari, mwalimu wa hisabati asimnyamazishe kwa kisingizio kwamba hilo si la kipindi chake, bali amwite mwalimu wa dini, wakae wote wawili mbele ya darasa moja, nao wanafunzi wawaulize watakavyo.