Kiziwi Ana Udhuru: Sisi Tuna Udhuru Gani?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume Wake, twasema: ndugu zetu wa Nakuru wametuletea suali, nasi twaona kuwa suali hili si la Nakuru peke yake, bali ni la kila mji wenye Waislamu, tangu Lamu na Mombasa hata huko Bonde la Ufa. Wameuliza juu ya vile vifaa vidogo vya kusikilizia wanavyovitia masikioni wale waliopungukiwa na kusikia. Je, kuvivaa si kushindana na kadari ya Mola aliyemjaalia mja Wake uziwi? Je, haviharibu udhu na saumu? Na la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: mtu aliyezaliwa hasikii, dini inamlazimu nini yeye, na inatulazimu nini sisi juu yake?

Ama la kwanza, jawabu lake ni jepesi. Wasemao kuwa kifaa hiki ni kushindana na kadari, wao wenyewe wakiumwa na jino huenda kwa tabibu. Mzee akipungukiwa na macho hununua miwani, akaivaa akasoma Msahafu ndani ya msikiti, wala hapana mtu amwambiaye kuwa amemkosea adabu Mola wake. Basi jicho limekuwa na haki gani ambayo sikio halina? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha kujitibu, na akatufunza kuwa maradhi yana dawa. Na Sayyidna Umar alipougeuza msafara wake kwa sababu ya tauni iliyoingia Shamu, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kuwa aikimbia kadari Yake na kuiendea kadari Yake. Kwa hivyo uziwi ni kadari, na kifaa nacho ni kadari, na fedha zilizomo mfukoni mwa jirani awezaye kukinunua nazo pia ni kadari. Wala kifaa hiki hakiitwi bidaa, kwani bidaa iliyokatazwa ni ile ya kuzua jambo katika ibada, si chombo cha kumwezesha mtu kuifikia ibada.

Ama la pili, katika madhehebu yetu ya Shafi kupaka maji masikioni katika udhu ni sunna. Mwenye kifaa akitaka kuipata sunna hiyo atakivua, ayapake masikio maji, kisha ayakaushe vizuri kabla ya kukirudisha, maana maji huharibu kifaa. Akikiacha sikioni, udhu wake ni sahihi. Ama katika josho la janaba hapana budi akivue, ili maji yafike kila mahali pa nje. Na aliyepasuliwa akapandikizwa kifaa ndani ya sikio, ile sehemu iliyofunikwa na ngozi haimzuilii kitu, na ile ya nje huvuliwa.

Katika saumu, vitabu vya madhehebu yetu vimetaja kuwa kitu kikiingia ndani ya sikio hufunguza, na baadhi ya wakubwa wa madhehebu hayo hayo wakaona kuwa hakifunguzi. Leo matabibu wametubainishia kuwa maadamu kiwambo cha sikio ni kizima, hapana njia ya kutoka sikioni kwenda tumboni. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, limehesabu matone ya dawa ya sikio kuwa si katika yenye kufunguza, maadamu mtu hakumeza kitakachofika kooni. Basi ikiwa dawa ya maji haifunguzi, kifaa kikavu kikaacho mlangoni mwa sikio kina haki zaidi ya kutofunguza. Na atakaye kujikinga na khitilafu, akivae kabla ya alfajiri. Tena kifaa hiki pengine hulia kama mluzi kikisongwa karibu na kitu, kama wakati wa kusujudu. Mluzi huo hauharibu sala ya mwenye nacho wala ya aliye ubavuni mwake; kinachoharibika ni adabu ya yule amgeukiaye kwa jicho la hasira.

Sasa twende kwenye suali la tatu, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Wanavyuoni wengi wamesema kuwa Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ambaye ujumbe haukumfikia. Imamu Ahmad amepokea katika Musnad wake Hadithi ya Al-Aswad bin Sarii, ambamo Mtume ametaja watu wanne watakaosimama Siku ya Kiyama na kutoa hoja mbele ya Mola wao. Mmoja wao ni kiziwi. Atasema kuwa Uislamu ulikuja, naye hakusikia kitu. Wengi wetu tukiisoma Hadithi hii huona raha, tukasema: Alhamdulillahi, huyu ana udhuru, Mola ni Mwenye kurehemu. Ni kweli, ana udhuru. Lakini tufikiri kidogo. Kiziwi huyo atakaposema kuwa Uislamu ulikuja asiusikie, hapana budi palikuwa na watu waliokuwa karibu naye ambao waliusikia. Alikuwa na baba na mama, na jirani, na mwalimu wa chuo kilichokuwa mtaani mwake, na imamu ambaye nyuma yake alikuwa akiinama na kuinuka bila kujua asemalo. Hoja yake yeye imekubaliwa. Je, hoja ya hawa itakuwa nini?

Hapa ndipo linapoonekana kosa letu. Sisi tumeuchukua udhuru wa kiziwi tukaufanya kuwa udhuru wetu. Yeye kasamehewa asiyoyasikia, nasi tukadhani tumesamehewa kumfikishia.

Na sharia imetuonyesha kuwa mzigo wa kusikika ni wa msemaji kabla ya kuwa wa msikilizaji. Katika madhehebu yetu, khatibu wa Ijumaa amesharitishiwa kunyanyua sauti hata wasikie nguzo za khutuba watu arubaini. Haikusemwa kuwa watu wajitahidi kusikia tu, ilisemwa yeye asikilizishe. Na katika Hadithi ya Abu Dharri, iliyomo pia katika Musnad wa Imamu Ahmad, Mtume amehesabu milango ya sadaka kwa asiyekuwa na mali, na akataja miongoni mwake kumsikilizisha kiziwi na bubu mpaka afahamu. Tuliangalie sana neno hilo la mwisho. Mpaka wake si kupiga kelele, wala si kununua kifaa. Mpaka wake ni kufahamu.

Neno hili laturudisha makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale wanaokidharau kifaa, au wanaokionea haya. Kuna wazee ambao hukubali kukaa pembeni barazani miaka kumi, wakicheka wenzao wanapocheka bila kujua kilichochekesha, kuliko kuonekana na kitu sikioni. Na kuna wazazi wamfichao mtoto ndani kwa kuchelea maneno ya watu. Hawa twawaambia kuwa kusikia ni katika neema ambazo Mola wetu ametuhesabia mara nyingi katika Kitabu Chake, na mara nyingi ameitaja kabla ya kuona. Awezaye kuirudisha baadhi yake kisha akaacha kwa ajili ya haya, hakuistahi neema.

Kundi la pili ni wale wanaodhani kuwa kifaa ndio mwisho wa wajibu wao. Kifaa hiki ni kipokezi kidogo ambacho huichukua sauti, kikaikuza, kikaipeleka ndani ya sikio. Hakiponyi. Vile vinyweleo vidogo vilivyomo ndani kabisa mwa sikio, ambavyo hutambua sauti, vikishakufa havioti tena. Tena kifaa hukuza maneno, na pia hukuza mshindo wa masufuria na vumi la magari. Miwani ukiivaa waona saa ile ile. Kifaa cha sikio chataka siku nyingi za kuzoea, na mtu wa kukupimia na kukurekebishia, na betri, na watu wa nyumbani wenye subira wa kusema nawe uso kwa uso. Ndiyo sababu vifaa vingi vilivyonunuliwa kwa fedha nyingi vimelala makabatini. Na aliye kiziwi kabisa tangu kuzaliwa, pengine kifaa cha kukuza sauti hakimfai hata kidogo. Kile cha kupandikiza kwa upasuaji chaweza kumfaa, hasa akiwahiwa mapema, lakini bei yake yawashinda wengi. Basi mtu huyu tumwache? Sivyo, kwani mpaka wetu ni kufahamu, na kufahamu kuna njia zaidi ya moja.

Nani katika sisi Mashafi asiyeutukuza Musnad wa Imamu Shafi? Je, wajua umetufikia kwa mkono wa nani? Umetufikia kwa njia ya Abul Abbas Muhammad bin Yaqub wa Naisaburi, aliyefariki mwaka 346 Hijria. Huyu alisikia vitabu vya Imamu Shafi kwa mwanafunzi wake Ar-Rabii bin Sulaiman, kisha aliporudi safarini uziwi ukamshika, hata akawa hasikii mlio wa punda. Kwa ajili hiyo akaitwa Al-Asamm, yaani Kiziwi. Watu hawakumwambia kuwa kazi yake imekwisha. Walimwendea kutoka nchi za mbali, wakamkalia mbele yake, akawapokeza elimu kwa muda wa zaidi ya miaka sabini. Mwisho wa umri wake hata macho yakapofuka. Wapokezi wamesimulia kuwa mwanafunzi alikuwa akimtia kalamu mkononi, naye akiigusa hujua kuwa wamekuja kutafuta Hadithi, akaanza kusoma aliyoyahifadhi moyoni.

Kalamu ile ndiyo iliyokuwa kifaa chake cha kusikilizia. Haikuwa na waya wala betri, lakini ilikuwa na jambo ambalo wengi wetu hatuna: alikuwapo mtu aliyetaka kumfikia kiziwi, akatafuta njia, akaipata. Lau wangalisema kuwa huyu ana udhuru wakenda zao, tungalikosa sisi, si yeye.

Na ishara za mikono je? Mafakihi wetu wamekwisha kuamua tangu zamani kuwa ishara ya bubu yenye kufahamika ni sawa na maneno yake: kwayo huoa, huuza na hununua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya, ikaiamuru Serikali iikuze, na kuifanya kuwa moja katika lugha tatu rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sisi ambao fiqhi yetu imetangulia kwa karne nyingi, katika misikiti yetu ni mingapi yenye mtu mmoja ajuaye kuitafsiri khutuba kwa ishara?

Hebu tuitazame Nakuru, mji uliopewa cheo cha jiji mwaka 2021. Upo hapo Waislamu wa kila namna, Waswahili, Wanubi, Wasomali na Wahindi, na misikiti yao ni ya zamani. Ipo hapo Shule ya Viziwi ya Ngala, ambamo watoto hufundishwa kwa ishara kusoma na kuandika na kuhesabu. Na miongoni mwa shule za mwanzo za viziwi katika Kenya, zile za Mumias na Nyang'oma zilianzishwa na watu wa Kanisa Katoliki katika mwanzo wa miaka ya 1960. Wenzetu walitangulia, nao hawalaumiwi kwa kutangulia; wa kulaumiwa ni aliyekaa. Mtoto wa Kiislamu aliye kiziwi huweza kujua kwa ishara miji mikuu ya dunia, na asijue maana ya Shahada aliyozaliwa nayo, kwa sababu hakupata wa kumfundisha kwa lugha yake. Nasi huku twachanga fedha kuongeza vipaza sauti juu ya mnara, tuwasikilizishe zaidi wale ambao tayari wasikia.

Hatusemi vipaza sauti vivunjwe. Twasema fungu katika michango hiyo liende kwa hawa. Upo waya ambao hutandazwa kuzunguka sakafu ya msikiti, ukaichukua sauti ya khatibu kutoka kwenye kipaza sauti na kuipeleka kwa nguvu za sumaku moja kwa moja katika kifaa cha sikio kilichotengenezwa kuipokea. Mvaaji humsikia imamu kana kwamba yu ubavuni mwake, bila vumi la nje. Pasipo waya huo, khutuba iandikwe kwa ufupi katika karatasi, apewe asomaye. Mwalimu mmoja wa kila chuo ajifunze ishara. Na fakiri asiyeweza kununua kifaa ana haki katika Zaka zetu.

Tena tuwalinde wadogo wasifikwe na yanayozuilika. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, limesema kuwa zaidi ya watu milioni 430 wana upungufu wa kusikia wenye kuhitaji msaada, na kuwa kwa watoto, kiasi cha 60 katika kila 100 ungaliweza kuzuiwa. Surua, uti wa mgongo, na usaha wa sikio usiotibiwa ni katika sababu zake. Basi mtoto achanjwe, na sikio litokalo usaha lipelekwe kwa tabibu, lisimiminiwe mafuta.

Ndugu Waislamu, siku ile kiziwi atasimama na hoja yake, nayo itasikilizwa. Tujitayarishe na yetu mapema, maadamu mikono tunayo na kalamu zipo. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kusikia na wenye kusikilizisha. Amin.