Kulenga Si Shabaha

Ndugu msomaji, kuna sentensi moja ambayo sisi watoto wa Mbagala tumeisikia tangu tukiwa wadogo: ajali haina kinga. Daladala ikipinduka, ajali haina kinga. Jiko la mafuta likilipuka, ajali haina kinga. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo nikiwa na miaka 12, na tangu siku hiyo nina ugomvi na sentensi hiyo.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa na manati ya mpira wa baiskeli. Tulikuwa tunawinda kunguru, wale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, na ambao leo wamejaa Dar nzima. Mmoja akatua juu ya ukuta. Nikavuta, nikaachia. Jiwe lilimkosa kunguru, likaingia uani kwa jirani, likampata mtoto wa miaka minne kwenye jicho la kushoto. Jicho lile halikuona tena.

Nilipoulizwa nikasema, sikukusudia. Watu wazima wakatikisa vichwa: ajali haina kinga. Wazazi wangu wakagharamia matibabu, yakaisha. Yaani yaliisha kwao. Yule mtoto sasa ni kijana, tunapishana mtaani. Ananiambia, "Shikamoo kaka," nami najibu marahaba huku sijui nimtazame jicho lipi.

Sasa nauliza: mtu asiyekusudia ana kosa? Pale kijiweni washkaji wanasema hana. Nia ndiyo kila kitu, bwana. Na mimi nilijificha humo miaka mingi. Aliyenitoa ni mjomba wangu, Mungu amrehemu.

Mjomba alikuwa na shamba upande wa Mkuranga, na bunduki moja ndogo ya .22, Brno ya Kicheki, yenye leseni. Ni bunduki ya komeo: unalifungua kwa mkono, unaingiza risasi, unalifunga, unapiga. Risasi yake ni nyembamba kama kalamu, na fataki yake haikai katikati ya kitako cha ganda kama risasi kubwa. Imejazwa ndani ya ukingo wake. Sikuruhusiwa kuishika, maana leseni ilikuwa yake, si yangu. Kazi yangu ilikuwa kubandika karatasi kwenye boksi, mita 50, kisha kuhesabu matundu.

Nilidhani shabaha ni jicho kali basi. Mjomba alicheka sana. Kwanza alikagua skrubu zinazoshika chuma kwenye mti wa bunduki, kwa sababu zikilegea hata kidogo kila risasi inakwenda kwake. Kisha akanunua risasi za aina mbalimbali, akapiga tano za kila aina, kila aina na karatasi yake. Bunduki ileile, mtu yuleyule: aina moja matundu yalitawanyika kama vidole vya mkono, nyingine yote matano ungeyafunika kwa sarafu ya shilingi 200. "Bunduki inachagua chakula chake," aliniambia.

Na walioshinda hawakuwa wenye mbio. Risasi za kasi kubwa huanza juu ya kasi ya sauti, yaani kama mita 340 kwa sekunde, na zikishuka chini ya kasi hiyo njiani huyumba. Yeye alichagua za mwendo wa wastani. Akisafisha mtutu, hakuziamini risasi chache za mwanzo mpaka mtutu ujipake tena. Halafu mwili: bunduki juu ya mfuko wa mchanga, shavu palepale kila mara, pumzi inatoka kidogo inasimama, kidole kinabana taratibu. Baada ya mlio hainui kichwa. Anabaki amelenga, kana kwamba risasi bado haijatoka.

Siku moja nikamuuliza, "Mjomba, yote haya kwa ajili ya kunguru wanaokula vifaranga?"

"Ukimkosa kabisa, anakwenda zake," akasema. "Ukimpata nusu, anakufa siku tatu kichakani. Hiyo nusu nani ataijibu?"

Na mara nyingi hakupiga. Risasi ile ndogo inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Kama hajui nyuma ya kunguru kuna nini, alitoa risasi, akafunga bunduki, tukaenda kunywa chai.

Hapo ndipo nilipoumia. Kumbe kinga ipo! Inakuwepo kabla hujaachia. Ukishaachia ndipo inapokwisha. Kosa langu halikuwa moyoni, kwa kweli sikumchukia yule mtoto. Lilikuwa katika mambo niliyoyaruka: mpira uliochakaa, jiwe la kuokota tu, na ukuta ambao sikujiuliza nyuma yake kuna nani. "Sikukusudia" ilikuwa kweli, lakini ilijibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

Tarehe 29 Aprili 2009, nikiwa darasa la tatu, ghala la silaha lililipuka hapa Mbagala. Mabomu yaliruka yakaangukia nyumba, na watu zaidi ya 20 wakafa. Tarehe 16 Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto. Hakuna aliyelenga nyumba ya mtu. Lakini waliozika, je, neno hilo liliwatosha?

Utaniambia: basi shabaha ndiyo wema? La hasha. Jambazi naye anaweza kuwa na shabaha. Chukua Olimpiki ya Athens, 2004. Matthew Emmons wa Marekani alikuwa fainali ya bunduki ya .22, mita 50, mikao mitatu. Amebakiza risasi moja, anaongoza kwa pointi 3. Akapiga, na risasi ikapata karatasi. Tatizo karatasi haikuwa yake, ilikuwa ya jirani. Akapewa sifuri, akaanguka kutoka wa kwanza hadi wa nane, na dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China. Mkono haukumsaliti. Hakutazama tu anapiga wapi.

Kiswahili chetu kinajua jambo hili zamani. Shabaha ni kile unacholenga, ni ustadi wa kukipata, na tena ni kusudi lako. Kwa hiyo maswali ni mawili, na moja halilipi deni la mwenzake: nimelenga nini, na nimejiandaa vipi kukipata?

Sisi tunaoandika tusijione salama. Neno nalo likitoka halirudi, na nyuma ya ukuta wa hadithi kuna watu. Kabla ya kuleta makala hii nilikwenda kwa yule kijana, nikamsomea yote. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jicho mbele yake. Alikaa kimya, kisha akasema, "Andika kaka. Ila usinifanye wa kuonewa huruma."

Nimejitahidi. Kama nimekosa, ndugu msomaji, sitasema sikukusudia. Je, wewe mara ya mwisho ulisema lini?