Anaponyimwa Dawa Mtoto Mwenye Homa

Bibi mmoja wa parishi yetu alitungoja mlangoni baada ya ibada akatuuliza swali, nasi hatukuweza kumjibu pale pale. Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa ameshikwa na homa usiku. Alfajiri akambeba mgongoni mpaka zahanati. Mganga wa zahanati alimtoboa mtoto kidole, akatia tone la damu katika kile kipimo cha haraka, wakangoja robo saa hivi. Ukatokea mstari mmoja tu.

"Bibi, hana malaria," akasema mganga.

"Basi mpe mseto hivyo hivyo, mwanangu. Mtoto anaungua."

Mganga akakataa, akasema mwongozo wa Wizara haumruhusu. Akatoa dawa ya kushusha homa, akamwita mgonjwa mwingine. Sasa bibi alitaka kujua kwetu: mtu aliye na dawa kabatini, akamwona mtoto mgonjwa mbele yake, akamnyima, je, huyo hakutenda dhambi?

Swali hili si la bibi peke yake. Toka Shinyanga mjini hadi Kahama, na toka Geita hadi vijiji vya machimbo vya Nyarugusu na Rwamagasa, wako wazazi wengi waliotoka zahanati wakinung'unika vivyo hivyo. Wizara ya Afya hutoa kitabu cha matibabu chenye orodha ya dawa muhimu; toleo la tano lilitoka mwaka 2017 na la sita mwaka 2021. Kila toleo jipya linapofika, jambo fulani lililokuwa halali jana huwa limekatazwa leo. Watu huuliza: hawa wakubwa wana msimamo gani?

Na kweli, katika habari ya homa, amri imegeuka kabisa. Wazee wanakumbuka kwamba zamani tulifundishwa kila homa ya mtoto itibiwe kama malaria, bila kungoja kipimo. Hilo nalo lilikuwa agizo la wataalamu, wala halikuwa la kijinga. Darubini zilikuwa chache, malaria ilikuwa nyingi, na mtoto aliyecheleweshwa aliweza kufa kwa degedege kabla jua halijachwa. Baadaye vikaja vipimo vya haraka ambavyo havihitaji umeme wala maabara, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Nchi yetu ilikuwa imeanza kuvisambaza vipimo hivyo mwaka mmoja kabla. Mwongozo uliogeuka kwa sababu kitu kipya kimejulikana haukusema uongo hapo kwanza. Tungekuwa na haki ya kuuogopa kama ungebaki vile vile huku mambo yakibadilika.

Ni nini kilichojulikana? Mwaka 2004 watafiti walichapisha habari za wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, wote wakitibiwa malaria kali. Damu ilipochunguzwa kwa uangalifu, chini ya nusu yao walikuwa na vimelea vya malaria. Na waliokufa kwa wingi zaidi, kwa kulinganisha, ni wale wasiokuwa navyo. Mwaka 2014 ukachapishwa uchunguzi mwingine wa watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilionekana kwa mtoto mmoja hivi katika kila 10. Zaidi ya nusu walikuwa na maradhi ya njia ya hewa. Kwetu malaria ni nyingi kuliko Dar es Salaam, hilo hatulikatai. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta katika asilimia 8 hivi ya watoto wadogo nchini, na Shinyanga karibu asilimia 16. Lakini hata kwetu, mtu asemaye "homa ni malaria tu" atakosea mara nyingi, na kosa lake atalilipa mtoto. Maana mtoto aliyepewa mseto kwa homa isiyo ya malaria hakupewa dawa. Amepewa kitu cha kumtuliza mama, na siku mbili zinapita ugonjwa wenyewe ukiendelea.

Hapo kuna jibu la kwanza kwa bibi yetu, nalo ni jepesi: dawa isiyohusika si huruma. Walakini liko gumu zaidi.

Tuseme mganga hana hakika. Vipimo navyo vimetengenezwa na watu, huweza kukosea. Je, asingeweza kutoa tu, kwa kuwa mseto hauna madhara makubwa, na bibi aondoke na amani? Hapa mwongozo unamwomba mganga ampende mtu ambaye hayupo chumbani. Mtu huyo ni mtoto mwingine, pengine hajazaliwa bado, ambaye siku moja ataugua malaria kweli, na ambaye uhai wake utategemea mseto uwe bado una nguvu.

Wengine watasema hizo ni hadithi. Basi tuikumbuke klorokwini. Vidonge vile vichungu vilikuwa dawa ya kila nyumba. Vilinunuliwa dukani pamoja na chumvi na kiberiti, vikamezwa kwa kila kichwa kilichouma, viwili leo, kimoja kesho, vingine vikawekwa akiba. Vimelea vikazoea. Wengi wetu twawakumbuka watoto waliomezeshwa klorokwini kama ilivyoagizwa, na homa isiondoke. Mwaka 2001 serikali ikaiacha, ikaweka SP, ambayo watu wengi waliiogopa kwa habari za kuchubuka ngozi. SP nayo haikudumu, na mwishoni mwa mwaka 2006 ukaja mseto huu wa artemetha na lumefantrini. Dawa tatu katika miaka michache. Na sasa mkoani Kagera, jirani zetu kabisa, wataalamu wamethibitisha vimelea ambavyo artemisinini haiviui upesi kama zamani. Rwanda walitangulia kutoa habari hiyo mwaka 2020. Mseto bado unaponya, tushukuru, kwa sababu ile dawa ya pili iliyomo ingali na nguvu. Lakini mabasi ya Biharamulo na Bwanga huja Geita kila siku, na mchimbaji aliyesikia kwamba dhahabu imetoka mahali fulani hasubiri kesho. Kimelea husafiri ndani ya damu yake bila kulipa nauli.

Kwa hiyo yule mganga, alipokataa, alikuwa akilinda kitu chetu sote. Kugawa kilicho cha wote kwa ajili ya kupata shukrani ya mtu mmoja ni ukarimu wa namna ya ajabu. Ni kama mtu kuwakaribisha wageni kwa ng'ombe wa jirani.

Tena tukiri kwamba amri ya kujizuia ni ngumu kuliko amri ya kutenda. Mwaka 1973 ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikusanyika kuzunguka redio, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Mtu alijiona amefanya kitu, na jioni mikono yake ilimshuhudia. Huyu wa leo anaambiwa asitoe na asimeze. Mwisho wa siku hana cha kuonyesha ila kabati ambalo bado lina dawa. Sisi hatujazoea kumsifu mtu kwa jambo ambalo hakulifanya.

Mpaka hapo tumemtetea mganga. Sasa tuseme na upande wa bibi, maana hatujamaliza.

Bibi alipofika nyumbani hakutulia. Alinunua mseto katika duka la dawa, akampa mtoto vidonge vya siku ya kwanza. Siku ya pili mtoto alikuwa akihema kwa shida. Walimpeleka kituo cha afya, na huko muuguzi alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya siku ya kwanza: alimfunua mtoto kifua, akatazama saa yake, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa umri ule, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya homa ya mapafu. Huyu alizidi sana. Akapewa amoksilini, na leo, kwa neema ya Mungu, anakimbiza kuku.

Ndugu, kuhesabu pumzi nako kumo katika miongozo. Haimwambii mganga kwamba kipimo kikisema hakuna malaria kazi imekwisha. Yamwambia atafute: kifua, masikio, mkojo, kuhara, na dalili za hatari zitakazomfanya ampeleke mgonjwa mbele mara moja. Mganga wetu alitii nusu ya agizo, ile inayokataza, akaacha nusu inayotaabisha. Twajua alikuwa peke yake, na foleni ilifika nje chini ya mwembe. Waandikao vitabu hivi wakiwa Dodoma wapaswa kulikumbuka hilo, kwamba ukurasa mmoja wa mwongozo kwa mtu mwenye wagonjwa 60 mlangoni ni mzigo, na kwamba katika vijiji vya machimbo watu hujaa kwa mwezi mmoja kabla zahanati haijaongezewa hata muuguzi. Vipimo navyo vikiisha, mganga hubaki na macho yake tu. Walakini, hata tukimhurumia, tofauti ibaki wazi: kusema "dawa hii haikufai" ni jambo moja, na kusema "sina habari nawe" ni lingine, ingawa masikioni mwa mgonjwa yaweza kusikika sawasawa.

Mnakumbuka habari ya Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyekwenda kwa Elisha na fedha na dhahabu nyingi (angekuja Geita asingeonekana mtu wa ajabu). Alikasirika akataka kurudi kwao. Twapenda kusema alikasirishwa na wepesi wa agizo, lakini someni tena. Jambo la kwanza lililomuudhi ni kwamba nabii hakutoka nje kumwona. Agizo lilikuwa la kweli, na bado alikaribia kulikosa kwa sababu lililetwa na mjumbe mlangoni. Kama wale watumishi wake wasingesema naye kwa upole, angerudi na ukoma wake.

Pengine hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwetu tusio waganga. Mzazi akirudi zahanati mikono mitupu, sisi majirani ndio wa kwanza kumwambia, "Wamekunyima, nenda dukani." Tungeweza kumuuliza: mtoto anahema vipi? Ananyonya? Anakula? Ametapika kila kitu? Na tukiona hatari, tumsindikize arudi hata kama ni usiku, tena tukae naye kwenye benchi, maana mganga huwa mwangalifu zaidi mgonjwa akiwa na watu wake.

Juzi tulikwenda kumtembelea bibi. Tulimwambia yote haya, kwa maneno machache kuliko tuliyoandika hapa. Alisikiliza, akasema kwamba yule mganga hakutenda dhambi kwa kukataa, ila angemtazama mtoto. Hatukuwa na la kuongeza. Kisha tukamuuliza vidonge vilivyobaki viko wapi, kwa kuwa dozi ya mseto ni mara sita kwa siku tatu, naye aliishia siku ya kwanza. Akainuka, akatoa kopo la majani ya chai juu ya ukuta, akatuonyesha. Vilikuwamo, vimefungwa vizuri katika karatasi. "Hivi," akasema, "ni vya dada yake, akiugua." Mwaka wa jana, machimboni, dada yake huyo aliwahi kuugua malaria kweli, akapungukiwa damu, akachomwa sindano za artesunate hospitalini.

Tulimwomba avirudishe zahanati. Akasema atafikiri. Wiki hii tutakwenda tena.