Nani Aliyeiandika Barua Hii?

Ndugu zetu kadhaa wametujia mwezi huu na mashitaka mamoja. Kampuni inayotuhifadhia barua pepe za darasa letu imebadilisha mashine zake na masharti yake, na sasa mtu atakaye kufungua barua zake halimtoshi tena neno la siri alilolizoea. Hana budi kutia pia namba sita azionazo katika simu yake, nazo hubadilika kila nusu dakika. Na aliyekuwa akisoma barua zake kwa programu ya zamani amekuta mlango umefungwa kabisa. Mmoja wao, mtu mzima mwenye heshima zake mjini, alituambia: "Miaka kumi natumia barua hizi. Leo ndipo nimekuwa mwizi?"

Neno hili tumelifikiri sana, kwani si neno la mashine. Ndani yake mna swali la tangu zamani: je, kumtaka mtu ushahidi ni kumdhania vibaya?

Yafaa kwanza msomaji ajue barua hizi zilivyoanza. Kanuni ya kuzipeleka, aliyoiandika Jonathan Postel huko Marekani mwaka 1982, haikumtaka mpelekaji athibitishe jina lake. Aliandika jina alilolipenda, na mashine ya upande wa pili ikapokea. Hatuwalaumu watu wale. Walikuwa kundi dogo la vyuo na maabara, na wengi wao wakijuana. Ni kama mtaa ambao milango yake hurudishwa tu bila ya komeo, kwa kuwa kila apitaye ni jirani. Walakini mtaa ule umekuwa dunia nzima, na mlango ukaendelea kurudishwa tu.

Sisi wenyewe yalitufika. Mwaka jana ilitoka barua kwa jina la katibu wetu, na kwa anwani yake khasa, herufi kwa herufi, ikiomba mchango wa mgonjwa apelekwaye India kwa matibabu. Mgonjwa huyo hakuwako. Watu saba walituma pesa kwa namba ya simu iliyoandikwa mle, na mmoja wao ni mama mjane auzaye mahamri, aliyesomewa barua ile na mjukuu wake. Katibu hakuwa ameandika hata neno. Alipokwenda kwa yule mama kumweleza, alijibiwa kwa upole: "Mwanangu, jina si lako?" Naye akarudi kimya.

Na dawa ilikuwako. Mwaka 2006 ilitangazwa kanuni ya kumwezesha mwenye jina kuandika hadharani orodha ya mashine alizoziruhusu kupeleka barua zake. Mwaka 2007 ikaja kanuni ya muhuri wa hesabu, ambao barua ikigeuzwa njiani, muhuri haulingani nayo tena. Mwaka 2015 ikatangazwa ya tatu, ambayo kwayo mwenye jina humwambia mpokeaji: barua ijayo kwa jina langu bila ya uthibitisho huo, ikatae. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamewashurutiza wapelekao barua kwa wingi wawe na hizo zote tatu. Sisi hatukuwa na hata moja. Kampuni ilikuwa imetuandikia mara mbili kutuuliza, na hatukujibu, kwa kudhani ni shughuli za mafundi.

Liko na jingine tunaloliona haya. Watu wanne katika darasa letu walitumia neno moja la siri, nalo limeandikwa nyuma ya daftari la mahudhurio. Tuliita hivyo kuaminiana. Basi siku ilipotokea barua ile ya uwongo, kabla haijajulikana kwamba ilitoka nje, kila mmoja katika wanne alijiuliza ni nani, na hakuna aliyeweza kuapa kwa ajili ya mwenziwe. Kwa siku tatu watu wa safu moja walitazamana kwa jicho la shaka. Sasa na tuulizane: dhana mbaya ile ililetwa na nini? Je, ililetwa na ushahidi unaotakwa leo, au na kukosekana kwake jana?

Na wasemao kwamba kuuliza ni kukosa adabu, twawarejesha katika masomo yao wenyewe. Mwanafunzi wa hadithi hafunzwi kuipokea khabari kwa uzuri wa maneno yake. Hufunzwa kuuliza imepokewa kwa nani, na huyo naye aliipokea kwa nani. Mpokezi mkweli hakupunguka kwa kuulizwa. Ndiye aliyepata faida, kwani hapo ndipo alipotengwa na mwongo.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba muhuri humfanya mwongo kuwa mkweli. Muhuri husema barua imetoka katika nyumba gani, wala hausemi mwenye nyumba ni mtu gani. Mtu mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alifungua kampuni Latvia kwa jina lile lile la kampuni ya Asia iliyokuwa ikiwauzia Google na Facebook vyombo, na kwa barua na ankara za uwongo akajipatia zaidi ya dola milioni 120 kati ya 2013 na 2015. Alihukumiwa New York mwaka 2019 kifungo cha miaka mitano. Waliodanganywa hawakuwa wajinga wa mambo haya. Kwa hiyo barua itakayo pesa, hata ikiwa na muhuri, mpigie simu mwenyewe kwa namba uliyokuwa nayo kabla.

Katika mashitaka ya ndugu zetu, moja tumeliona ni la haki. Kampuni ilitoa khabari wiki mbili tu kabla ya kufunga, na kwa Kiingereza cha mafundi. Mwenye kushika amana akikaza komeo, ni juu yake pia kuhakikisha mwenye mali ana ufunguo. Akimwacha nje amemdhulumu, ijapokuwa mali i salama ndani.

Sasa kila Jumamosi baada ya Alasiri vijana wawili hukaa darasani kuwasaidia watu. Yule mzee wetu alikuja juzi na simu ya mjukuu wake, atake namba zije humo. Vijana walimkatalia, kwani ufunguo wake ungekaa mfukoni mwa mwingine, naye akaondoka amekasirika. Tumewaambia wamfuate nyumbani kwake na namba za akiba zilizoandikwa katika karatasi, azitie sandukuni pamoja na hati za shamba lake, na wasianze kusema mpaka wamwombe radhi.