Nyoka Anapomuuma Aliyemfuga

Kuumwa na nyoka wa kufugwa huzua swali la lawama ambalo kuumwa na nyoka wa porini hakulizui kwa namna ileile. Mkulima wa Umatengo anayemkanyaga kifutu akilaza nyasi za ngoro, yaani mashimo ya kilimo, amekutana na mnyama asiyejuana naye. Anayeumwa na nyoka aliyemlisha panya kwa miezi hujiona amesalitiwa.

Huko Umatengo, wilayani Mbinga, na mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, kufuga nyoka kwa mapenzi si desturi. Nyoka mwenye mwenyewe anayezungumzwa zaidi ni nyoka wa kutumwa, anayesadikiwa kuwa mali ya mchawi. Kwa imani hiyo, karibu kila nyoka anayeuma ana bwana wake, na mgonjwa huuliza nani kamtuma. Miaka ya 1950 na 1960 watu wa kusini mwa Tanganyika walifunga safari hadi Rumphi, upande wa pili wa ziwa, kwa mganga Chikanga, ili wachawi wao wafichuliwe.

Matendo ya Mitume, sura ya 28, yana hukumu inayofanana na hiyo. Paulo aliposhikwa na nyoka mkononi kisiwani Malta, wenyeji walisema ni muuaji anayefuatwa na haki; alipokosa kuvimba, wakasema ni mungu. Mara zote mbili walikosea, kwa kuwa jino la nyoka si ushahidi juu ya roho ya mtu.

Nyoka wa kufugwa huivuruga hoja ya kutumwa kabisa, maana bwana wa nyoka ndiye huyohuyo aliyeumwa. Sababu za kuuma nazo ni za kawaida. Mkono unaonuka panya hudhaniwa kuwa panya. Nyoka anayekaribia kujivua gamba huwa na macho yenye ukungu na hushtuka upesi. Anayebanwa hujitetea. Usaliti unahitaji ahadi iliyovunjwa, na nyoka hakuahidi kitu. Aliwekwa kizimbani bila kuulizwa. Wacheza nyoka wa Kisukuma, Bayeye, wanalijua hilo vizuri: hushika chatu na swila mbele ya umati wakitegemea ufundi na dawa zao, si shukrani ya mnyama. Ionides wa Liwale, aliyekamata maelfu ya nyoka kusini mwa Tanzania kabla ya kufariki mwaka 1968, aliumwa mara kadhaa akaendelea na kazi.

Lawama basi humrudia mfugaji, na kwa haki. Lakini kulaumika kwa uzembe si sawa na kuadhibiwa na Mungu, na tofauti hiyo ni ya uhai na kifo: saa zinazopotea kumsaka mtumaji au dhambi ndizo sumu inazozitumia, ilhali hospitali zipo Litembo na Liuli. Shirika la Afya Duniani, lililoyaorodhesha madhara ya sumu ya nyoka mwaka 2017 miongoni mwa magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa, hukadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka.

Kuhusu nyoka mwenyewe, kumuua kama adhabu hakuna maana, kwani hawezi kujua kosa lake. Kumwondoa ili watoto wa nyumbani wasalimike ni jambo jingine. Hata hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim haianzi na kuua: huagiza nyoka wa nyumbani aonywe siku tatu kabla ya kuuawa.