Mtoto Wetu Ni Rubani: Je, Ni Kweli?

Wapendwa wanandoa,

Mmewahi kumsikia baba wa namna hii. Baada ya Misa, ndege inaposhuka juu ya ghuba kuelekea uwanja wa Kisumu, anainua kidole: "Huenda ni mwanangu huyo!" Mama ananyamaza. Anajua kijana hajapiga simu tangu Pasaka.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya wavuvi pale Dunga. Baba aliuza mtumbwi na kipande cha shamba ili kijana asomee urubani kwenye Uwanja wa Wilson, Nairobi. Siku moja, mbele ya jumuiya nzima, mama akachoka: "Baba watoto, hata leseni hana!" Tangu siku hiyo hawasemezani.

Nani amekosa? Wote wawili.

Shaka ya mama haikuwa dhambi. Leseni ya rubani wa kawaida hudai angalau saa 40 za kuruka. Ile ya kuajiriwa, saa 150 hadi 200. Na leseni ya juu ya nahodha wa ndege kubwa, saa 1,500. Mwanafunzi hulipia kila saa ya mafunzo, na wengine hukwama kwa kukosa karo tu. Kosa la mama ni kumvua mumewe nguo hadharani.

Naye baba alikuwa anajifariji kwa ajili ya mtumbwi wake. Lakini kijana mwenye saa 30 atarudije nyumbani, ikiwa mtaani amekwisha kuwa kapteni?

Mama wa wana wa Zebedayo, familia ya wavuvi wa ziwa kama ninyi, aliwaombea wanawe viti vya heshima (Mt 20:20-23). Yesu hakumwaibisha. Aliwauliza wana wenyewe kama wataweza kunywa kikombe chake.

Fanyeni vivyo hivyo. Usiku huu, mkiwa wawili tu, mama aseme hofu yake kwa upole, na baba asikilize bila hasira. Ombaneni msamaha. Kisha mpigieni kijana simu pamoja. Msimuulize kama amekuwa kapteni. Muulizeni: "Mwanetu, umefika wapi, nasi tukusaidieje?" Jibu lolote atakalotoa, mpokeeni.

Afadhali mtoto anayerudi nyumbani kwa matatu kuliko rubani wa maneno asiyeshuka kamwe.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.